Wasomaji Wanauliza: Ndege wa Visiwani na Kinachowajia kwa Chombo

Barua za toleo hili zimetoka Unguja, Pemba, Mafia na Lamu. Ukizipanga mezani utaona nyingi zinaeleza kisa kimoja kwa sura mbalimbali: ndege aliyezoea kutaga kisiwani kwa sababu hapakuwa na mtu, paka wala panya, sasa anajiwa na wote watatu kwa boti. Barua tumezifupisha, majibu tumeyaacha na urefu wake.

Nishushe wageni dakika 10 tu?

Mhariri, asalaam alaykum. Nina boti ya kupeleka wageni mafunguni. Kuna kisiwa kidogo cha mawe na mchanga ambako ndege weupe wenye utosi mweusi hutaga kila kusi, kuanzia mwezi wa sita. Wageni wanataka kushuka wapige picha, na nikikataa wananiambia boti nyingine huwashusha. Nikiwapa dakika 10 tu kuna ubaya gani?
Nahodha, Kusini Unguja

Hata hizo 10 ni nyingi, nahodha. Watu hudhani hatari ni kukanyaga mayai. Hilo hutokea kweli, maana yai la buabua, ndio hao ndege wako weupe, lina rangi ya mchanga na madoa kama kipande cha tumbawe, na halina kiota cha kulionyesha. Limewekwa tu chini. Lakini muuaji mkubwa ni jua. Buabua akilala juu ya yai saa sita mchana halipashi moto, analifanyia mwavuli, na mara kwa mara huenda kulowesha manyoya ya tumbo majini ili arudi na unyevu. Yai linataka nyuzi 38 hivi. Mchanga wa jua kali hupita 45. Ukimwinua mama kwa dakika 10 umeliacha yai kwenye kikaango. Ukishaondoka, mama atarudi kulilalia yai lililokwisha kufa, siku baada ya siku, na wewe hutajua. Ndiyo maana mwenzako anaapa kwamba hajaharibu kitu: alipong'oa nanga mayai yote yalikuwa mazima machoni pake.

Baada ya jua anakuja kunguru, ambaye huhitaji sekunde chache tu za mama kuwa hewani. Halafu vifaranga: wakishtuka hukimbia ovyo, wengine huishia majini, wengine huingia eneo la jirani na kudonolewa mpaka kufa. Na kama hao wako ni wale buabua wenye mkia mrefu mweupe na kifua chenye wekundu wa mbali, ambao hutaga pia visiwa vya Kiunga na kile kisiwa cha mawe mbele ya Watamu, fahamu kwamba ndio waoga kupita wote. Wakisumbuliwa mwanzoni mwa kutaga, kundi zima linaweza kuhama kwa siku moja.

Fanya hivi. Punguza mashine mapema, ukae mita 100 kutoka kisiwani, upitie upande mmoja bila kuzunguka. Waangalie vichwa: wakiwa wamelala na midomo imeelekea upepo, uko salama. Wakianza kunyoosha shingo na kusimama, umeshakaribia mno. Rudi nyuma hapo hapo, usingoje waruke. Wakiruka wote kwa pamoja, kimya, kuelekea baharini, hiyo ni hofu kubwa, na safari ya kisiwa hicho imekwisha kwa siku hiyo. Ndege ya kamera isirushwe hata kidogo. Kwao ile ni mwewe tu aliyekuja na kelele.

Yai huchukua siku kama 23 kuanguliwa na kifaranga karibu wiki 4 kuweza kuruka. Kwa hesabu hiyo ungesema wiki 7 zinatosha, lakini ndege hawatagi siku moja, na waliopoteza mayai hutaga tena kwa kuchelewa. Fungeni kisiwa wiki 12 kuanzia siku mtakapoliona yai la kwanza.

Wageni wako wa kushuka na kuogelea wapeleke kwenye fungu linalozama. Utalijua kwa mstari wa mwani mkavu na takataka zilizoachwa na bamvua: mstari ukipita juu kabisa ya fungu, au fungu likiwa halina mstari wowote, maana yake maji hulifunika lote na hakuna ndege mwenye akili atakayetaga hapo. Mstari ukiishia kando na katikati pakabaki pakavu mwaka mzima, hapo ndipo pa kuogopa.

Kuhusu boti nyingine: peke yako hutaweza. Pelekeni suala kwenye kamati ya wavuvi ya shehia, muandike umbali na tarehe, sheha atie saini, na wavuvi wenyewe wawe mashahidi. Wao wana sababu yao. Anayetafuta jodari kwa kuangalia mahali buabua wanapojitupa anajua kwamba kundi la ndege likipotea, atalazimika kutafuta samaki kwa kuchoma mafuta.

Shakwe na buabua

Naomba kujua, shakwe na buabua ni ndege mmoja? Nyumbani wote wanaitwa shakwe.
Mwanafunzi, Chake Chake

Si mmoja, mwanangu. Shakwe ana mwili mnene, mabawa mapana, mkia wa kukata sawa na mdomo mzito. Huelea majini kama bata na hula chochote, hata matumbo ya samaki sokoni. Buabua ni mwembamba, mabawa yana ncha, mkia umegawanyika kama wa mbayuwayu, na akiwinda huruka mdomo ukitazama chini kisha hujitupa kama jiwe. Ukishaijua hiyo, tazama mdomo. Wa rangi ya chungwa na wa njano mara nyingi husimama fungu moja. Yule wa njano ni mkubwa zaidi na shungi lake limevurugika kama aliyetoka kulala. Mwenye mdomo mwekundu mnene kama karoti, mkubwa karibu sawa na shakwe, ndiye buabua mkubwa kuliko wote duniani.

Kumwita bundi kwa simu

Ninatembeza wageni katika msitu wa Ngezi. Wengi wanakuja kwa ajili ya bundi wa Pemba, na wananiomba nimpigie sauti yake kwa simu ili ajitokeze. Siku hizi naona haitikii kama zamani. Je, amehama?
Kiongozi wa watalii, Konde, Pemba

Huenda hajahama, amekuchoka. Kwa bundi, sauti ya bundi mwenzake ni mvamizi aliyeingia mipakani mwake. Anaacha kuwinda, anakuja kufukuza, hamwoni mtu. Akifanyiwa hivyo kila usiku hujifunza moja kati ya mawili: kunyamaza, au kuhamia ndani ambako wewe hufiki. Vyote viwili ni hasara kwa biashara yako.

Utaratibu unaofaa ni huu. Fika mahali pako jua linapozama, si baada ya giza. Zima taa, nyamaza dakika 15. Bundi huyu hutoa sauti moja fupi, "hu", kisha anyamaze, kisha "hu" tena. Dume na jike wakijibizana utasikia mmoja yuko juu kidogo kwa sauti kuliko mwenzake. Mara nyingi hiyo subira inatosha, na wakati mzuri kuliko wote ni ile nusu saa ya mwanzo ya usiku na ile kabla ya alfajiri. Kama hakusema kitu, piga sauti kwa sekunde 30, ukiwa umeipunguza isifike mbali, kisha ngoja dakika 3. Rudia mara 2, basi. Akijibu tu, zima. Kazi ya simu imekwisha, sasa ni kazi ya macho. Usirudi kwa jozi ileile kesho yake: uwe na sehemu 4 au 5 za kuzungusha, na mkubaliane viongozi nyote nani yuko wapi, la sivyo kila mmoja wenu atamwita mara 2 na bundi ataitwa mara 10.

Tochi: ifunike kwa plastiki nyekundu, mwelekeo uwe kwenye tawi chini yake na si machoni, na isizidi nusu dakika. Waambie wageni wasitumie mwanga wa kamera.

Tunajua unayo kazi nyingine nyumbani, ya wazee wanaosema bundi akilia juu ya paa kuna maiti. Usibishane nao kwa dini wala kwa elimu. Waonyeshe anachokula: bundi wa Pemba ni mdogo, urefu wa kama sentimita 20, na riziki yake ni wadudu. Shamba la mikarafuu lenye miti mikubwa ya zamani linamfaa karibu kama msitu, kwa kuwa ana haja ya matundu ya kuatamia. Mti mkongwe wenye tundu ukikatwa kwa ajili ya kuni, tundu la namna hiyo halitapatikana tena kwa miaka mingi.

Na mgeni asilale akidhani Pemba ni bundi tu. Ndege wasiopatikana kokote duniani isipokuwa Pemba ni 4, na huyo bundi ni mmoja. Ninga wa Pemba, wa kijivu na kijani, mtafute asubuhi kwenye mti wa jamii ya mkuyu wenye matunda mabivu. Humwoni kwa rangi, unamjua kwa matunda yanayodondoka bila upepo. Chozi wa Pemba yuko hata kwenye maua ya uani. Yule mdogo wa njano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho huja kwa makundi bustanini, na ni aibu kumlipisha mtu pesa za msituni kumwonyesha huyo.

Ndege wa pwani: saa ngapi, na darubini gani?

Tumeanzisha kikundi cha vijana cha kutazama ndege wa ufukweni. Tatizo, tukienda asubuhi tunawakuta wako mbali sana, vidoa tu kwenye mchanga. Tufanyeje? Tena tunataka kununua darubini moja.
Kikundi cha vijana, Mashariki Unguja

Mnakwenda kwa saa ya ukutani, ndugu zetu. Nendeni kwa saa ya bahari. Maji yakipwa, ndege hutawanyika kilomita nzima wakila. Maji yakijaa huwasukuma mpaka miguuni penu. Muwe mmeshakaa, kimya na chini, saa 2 kabla ya maji kujaa kabisa.

Hesabu yake mnayo tayari kwenye mwezi. Bamvua huanguka tarehe za 1 hadi 3 na 14 hadi 17 za mwezi mwandamo, na siku hizo Unguja maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, yakapwa karibu saa nne. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Maji mafu ya tarehe 7 hadi 9 na 21 hadi 23 hujaa karibu saa nne asubuhi, lakini hayapandi sana, hivyo ndege wanabaki na mahali pa kula na hawakusanyiki vizuri. Ninyi mlioko mashariki mna bahati ambayo wa magharibi hawana: bamvua ya jioni inawakuta jua likiwa mgongoni mwenu na likiwaangaza ndege usoni. Ingieni saa nane mchana, mtazame mpaka saa kumi.

Msimu ni kuanzia mwezi wa nane, wanapoanza kushuka kutoka kaskazini, hadi wa nne. Vitwitwi wadogo wanaokimbizana na wimbi, sululu mwenye mdomo uliopinda chini, na yule mrembo mweusi na mweupe mwenye mdomo mnene kama kisu, mla kaa. Huyo hatoki Ulaya. Anazaliwa kwenye visiwa vya mchanga vya Ghuba na Bahari ya Shamu, ambako mama huchimba shimo refu mchangani na kutaga yai moja, jeupe kabisa, maana gizani rangi haina kazi. Kisha huja huku na mtoto wake mkubwa, na mkiwa watulivu mtamwona mtoto akiomba chakula katikati ya maji ya Afrika. Hori la Mida, Watamu, ni mahali mashuhuri pa kuwaona kwa wingi.

Kuhesabu: msihesabu mmoja mmoja kundi la 600. Hesabuni 10, mtie machoni ukubwa wa hao 10, kisha mpime kundi kwa kumi-kumi. Likiwa kubwa zaidi, kwa mia. Watu 3 wahesabu kila mmoja peke yake bila kuambiana, halafu muandike idadi ya kati. Kosa la kawaida ni kuanza upande wenye msongamano: jicho linajifunza vibaya na hesabu nzima inaharibika. Andikeni pia saa, hali ya maji, na mahali ambako hamkuona kitu. Kila mwaka mwezi wa Januari kuna hesabu ya ndege wa majini Afrika nzima, na takwimu za kikundi kilichorudi mahali palepale mwaka hadi mwaka zina thamani kuliko za mtaalamu aliyepita mara moja. Kwa Tanzania mtaungana na watu wa shirika la uhifadhi la Nature Tanzania, kwa Kenya na Nature Kenya; nakala yenu wekeni kwenye eBird, tovuti ya kumbukumbu za ndege.

Darubini iwe 8×42, isiyoingia maji. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Muuzaji atawasifia 10 au 12: inakuza zaidi kweli, na mtetemo wa mkono wako inaukuza pia, na kwenye boti hutaona kitu. Zenye kukuza kwa kusogeza kitufe, za 10 hadi 30, ziacheni dukani.

Ikifika, irekebisheni kwa kila mtumiaji. Funika kioo cha kulia, tazama kitu chenye maandishi kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la kati mpaka kionekane wazi. Sasa funika cha kushoto, usiguse gurudumu la kati, zungusha pete iliyo kwenye jicho la kulia mpaka maandishi yaleyale yawe wazi. Kumbuka alama ya pete yako. Wengi wanaolalamika kuumwa kichwa hawajafanya hatua hii ya pili.

Adui wa darubini pwani ni chumvi na ukungu. Usipanguse kioo chenye chumvi kikavu, utakikwaruza. Kimwagie maji baridi kwanza, kisha kitambaa laini. Isikae kwenye mkoba wa ngozi kabatini. Itie kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu na dawa. Utando wa kuvu ukishaota ndani ya kioo, fundi wa mtaani hautoi.

Kunguru wanamaliza vifaranga

Nafuga kuku wa kienyeji. Kunguru wamenila vifaranga 11 mwezi uliopita, na chozi na mbayuwayu waliokuwa wakijenga barazani hawaonekani tena. Nimeshauriwa niweke sumu kwenye mkate. Mnasemaje?
Mama mfuga kuku, Jang'ombe, Unguja

Sumu ya dukani kwenye mkate usiiweke, mama. Itamuua paka wa jirani, kuku wako na mwewe, na kunguru mwenyewe, ambaye ni mwerevu, akimwona mwenzake anataabika hatagusa mkate wako tena. Ipo dawa maalumu ya kunguru inayotumika kwenye kampeni, lakini hutolewa kwa kibali na huwekwa na watu waliofunzwa, tena baada ya siku kadhaa za kuwazoesha chambo kisicho na dawa.

Kwanza hakikisha ni yupi. Kunguru wa India ana shingo ya kijivu na mwili mweusi. Kunguru wetu ana kifua na shingo nyeupe kabisa kama amevaa fulana. Huyo mwenyeji mwache. Yule wa kijivu aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili asafishe taka za mji. Taka zipo mpaka leo, naye amejaa pwani yote. Kenya nayo mwaka 2024, kupitia shirika lake la wanyamapori, KWS, ilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa milioni 1. Idadi kama hiyo hailishwi na vifaranga vyako, inalishwa na majaa. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni pipa lenye mfuniko mzito, na matumbo ya samaki na kuku kufukiwa nusu mita chini.

Vifaranga wafungie ndani ya tenga au banda la wavu wa matundu ya sentimita 2 na nusu mpaka wafike wiki 6. Wavu mpana zaidi haufai: kunguru huingiza mdomo, akavuta kichwa.

Mtego unafaa ukijengwa na mtaa mzima, na ni vizuri ofisi ya misitu ijue kabla hamjaanza. Ni chumba cha mbao na wavu, mita 2 kila upande, chenye mlango wa mtu. Paa lake limeinama kuelekea katikati kama herufi V, na kule chini kabisa V inapokutana mnaweka kitu kama ngazi iliyolazwa, vipandio vikiachana sentimita 15 hivi. Kunguru hukunja mabawa akadondoka katikati ya vipandio. Akitaka kutoka lazima akunjue mabawa, na nafasi haimtoshi. Ndani waacheni kunguru hai 3 au 4 pamoja na chakula, maji na kivuli. Hao ndio chambo cha kweli. Matumbo ya samaki peke yake hayamshawishi kunguru kuingia mahali pasipo na mwenzake.

Mitego mingi hushindwa kwa mambo matatu. Mmeuweka mahali ambapo kunguru hawali, badala ya karibu na jaa au machinjio. Mmewaua walionaswa mchana kweupe wenzao wakitazama, basi mtaa mzima wa kunguru umejua. Fanyeni kazi hiyo magharibi, wengine wakiwa wameshakwenda kulala, haraka na bila mateso. Au mmechelewa kuukagua, chambo kimekufa kwa kiu. Ukaguzi ni kila siku, na ndege mwingine yeyote aliyeingia afunguliwe mlango.

Panya kisiwani

Tunalinda kisiwa kidogo ambako ndege wa baharini hutaga. Mwaka huu tumeona maganda ya mayai yenye alama za meno. Tutajuaje kama ni panya au kaa? Na tukiweka dawa ya panya?
Mlinzi, karibu na Mafia

Yeyusheni mshumaa, mchanganye na siagi ya karanga, mmimine kwenye vizibo vya chupa. Vikishaganda vitundikeni kwenye vijiti, kimo cha goti, kila mita 25 hadi 50, kwa usiku 3. Vikilala chini kaa wa nchi kavu watavimaliza na hamtasoma kitu. Panya huacha mifereji midogo, miwili-miwili, iliyonyooka. Kaa huacha mabano na mikato isiyo na mpangilio.

Dawa msiweke kwa kubahatisha. Kumaliza panya kisiwani ni kazi ya wote au hakuna: chambo lazima kimfikie kila panya, kila pembe, kwa wakati mmoja. Akibaki jike mmoja mwenye mimba, atazaa ndani ya wiki 3, na mtakuwa mmewaondoa tu washindani wake. Tena dawa hizo huua baada ya siku 3 hadi 7, na katika siku hizo panya mlegevu ndiye chakula rahisi kwa bundi na kipanga. Inawezekana, kisiwa cha Chumbe walifanikiwa miaka ya 1990, lakini ilipangwa na wataalamu.

Kilicho mikononi mwenu ni mlango. Panya hafiki kwa kuogelea tu. Anafika ndani ya gunia la mchele, rundo la makuti, nyavu zilizolala bandarini wiki nzima. Pakieni mchana, kila mzigo ufunguliwe na kukung'utwa kabla ya kuingia chomboni, vyakula viwe ndoo zenye mifuniko. Makuti ndiyo mabaya kuliko yote. Kama lazima yaende, yaanikwe yakiwa yametandazwa, yapakiwe siku hiyohiyo. Chombo kilale kwenye nanga, kisipwelewe usiku ufukweni mwa kisiwa. Na wavuvi wanaopiga dago hapo wasilete paka wa kufukuza panya. Paka atakula panya siku za mwanzo, kisha atagundua kifaranga hakimbii.

Kupanda mikoko kwenye tope wazi

Wanafunzi wetu wamepanda mikoko 2,000 kwenye tambarare ya tope mbele ya kijiji. Karibu yote imekufa. Wafadhili wanataka turudie palepale.
Mwalimu, Lamu

Msirudie, mwalimu. Tambarare ile haikuwa tupu. Ilikuwa sahani ya vitwitwi, sululu na mla kaa, na mnyoo na kaa wadogo wa tope hilo ndio waliowaleta. Kama mkoko haujawahi kuota hapo wenyewe, kuna sababu: pako chini mno, maji yanafunika kwa saa nyingi kuliko mche unavyoweza kuvumilia, mawimbi na chaza humaliza kazi.

Nendeni mkatazame mikoko ya asili iliyo karibu. Pimeni kwa kijiti maji ya bamvua yanafika kimo gani kwenye shina la mkoko wa mwisho upande wa bahari, kisha pimeni siku hiyohiyo mlikopanda. Maji ya kwenu yakiwa na kina zaidi ya hapo, mmepata jibu la kumwonyesha mfadhili. Mahali panapofaa ni palipokatwa: msitu uliotolewa boriti, dimbwi la chumvi lililoachwa. Na huko mara nyingi tatizo si ukosefu wa miche, ni mfereji wa maji ulioziba kwa udongo au barabara. Zibueni mfereji, mbegu zitakuja na maji zenyewe.

Ndoana mdomoni

Mnandi amemeza chambo changu, ndoana imekaa mdomoni. Nikate mshipi nimwachie?
Mvuvi, Kojani, Pemba

Usikate ukamwachia na mshipi; utamfunga kwenye mkoko wa kwanza atakaotua. Mvute taratibu karibu na chombo, mfunike kichwa na mabawa kwa kitambaa au shati. Akikosa kuona hutulia. Shika mdomo nyuma ya ncha, usiufunge kabisa maana mnandi hupumulia mdomoni, na jilinde macho, maana shingo yake ni ndefu kuliko unavyodhani. Ndoana usiivute nyuma. Isukume mbele mpaka ncha itokeze, kata kile kijino kwa koleo, kisha shina litoke kinyumenyume bila kuchana. Kama imezama kooni huioni, kata mshipi karibu kabisa na mdomo. Muweke kivulini dakika 20 ndani ya tenga, bila maji ya kumwagia, kisha mwachie.

Ukimkuta na pete mguuni, andika kila herufi na namba iliyochongwa, pamoja na anwani, mahali, na tarehe. Akiwa hai pete ibaki. Piga picha pande zote, namba huzunguka. Akiwa amekufa, ivue, inyooshe, itunze. Tuma kwa anwani iliyo kwenye pete yenyewe, au kupitia tovuti ya EURING, umoja wa wavisha ndege pete wa Ulaya, kama ni ya huko. Utajibiwa alivishwa wapi na lini.